Mchana wa Mji, Jioni ya Rafiki: Mwongozo wa Kumtembelea Mwenzako Stockholm

Rafiki yako anaishi Stockholm na amekualika. Kabla ya kuwaza nauli na koti la baridi, kuna swali linalotaka jibu: nani atakutembeza? Wengi wetu tunaona jibu liko wazi, kwamba mwenyeji ndiye ajuaye njia na heshima ya mgeni ni kuongozwa. Mwongozo huu unashika upande wa pili. Katika jiji hili igawe ziara yako mafungu mawili. Mambo ambayo mji unaweza kukuonyesha wenyewe yafanye peke yako, mchana wa siku za kazi. Mambo ambayo hakuna wa kukupa isipokuwa rafiki yako yaweke jioni na mwisho wa juma. Ukifuata mgawanyo huo utauona mji vizuri zaidi, na rafiki pia utampata kwa ukamilifu, kwa sababu Stockholm imepangwa kiasi kwamba mgeni asiyejua mtu aweza kufika karibu kila mahali. Kitu ambacho haikupanga ni nafasi ya mfanyakazi kuacha kazi yake ili atembeze mgeni.

Anza na hesabu ya muda wa mwenyeji. Sheria ya likizo ya Uswidi humpa mwajiriwa siku 25 kwa mwaka, na humpa haki ya kuchukua wiki nne mfululizo kati ya Juni na Agosti. Kwa macho ya mtu wa Nairobi au Dar es Salaam hizo ni siku nyingi. Lakini zitazame kwa macho ya rafiki yako, hasa kama naye ametoka Afrika Mashariki. Katika siku hizohizo lazima apate safari ya kwenda kuwaona wazazi, harusi ya mdogo wake, na akiba ya msiba usiotarajiwa. Kila siku anayoikata ili akusindikize kwenye makumbusho ni siku moja pungufu ya kukaa nyumbani kwao. Na kama anafanya kazi ya zamu, hospitalini, kwenye nyumba ya wazee au kwenye mabasi, ratiba yake ilishapangwa wiki nyingi nyuma, na kubadilishana zamu na mwenzake ni deni atakalolilipa wewe ukiwa umeshaondoka.

Hapo utaambiwa kwamba haya ni mambo ya Kizungu, na kwamba kwetu mgeni haachwi peke yake. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na maana yake ni kwamba hata wazee walijua ukarimu una kipimo. Ila methali hiyo ilizaliwa mahali ambapo mwenyeji anashinda shambani karibu na nyumba, na mgeni akipewa jembe wanalima bega kwa bega. Stockholm mwenyeji anatoka mlangoni saa moja asubuhi ya siku ya kwanza. Jembe la huko, kwa hiyo, ni kujua kutoka, kuzunguka na kurudi bila kumpigia simu kazini kila baada ya nusu saa. Mgeni anayeweza hilo hajaukataa ukarimu wa mwenyeji. Amempunguzia mzigo ili ukarimu uliobaki uwe wa kweli.

Tena mwenyeji wako huanza kukufanyia kazi kabla hujapanda ndege. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, safari hupitia viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasicheleweshwe kupita siku 15 kabla yake, lakini kungoja hadi hapo ni kujitafutia matatizo. Utatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000, uthibitisho wa fedha za kujikimu, na kwa kuwa unalala kwa mtu, barua ya mwaliko pamoja na cheti cha makazi ya mwenyeji kutoka Skatteverket, mamlaka ya kodi ya Uswidi, ambayo ndiyo pia husajili wakazi. Mwombe rafiki karatasi hizo mapema, zote kwa pamoja, badala ya kumrudia kila juma na moja. Andika wazi kwamba utafikia kwake. Maelezo yako na yake yakipishana, afisa wa viza hatakuwa na sababu ya kuwaamini nyote wawili.

Jambo linalofuata ni majira, nayo huamua mambo mengi kuliko bei ya tiketi. Stockholm iko kaskazini kiasi kwamba siku za katikati ya Juni mwanga hudumu zaidi ya saa 18; jua huchomoza kama saa tisa na nusu usiku na kuzama kama saa nne usiku. Katikati ya Desemba siku ina saa 6 tu za mwanga: jua hutoka karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na kutoweka kabla ya saa tisa alasiri. Kwa mtu aliyezoea jua la ikweta, linalochomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, hili hubadilisha usingizi, hamu ya chakula, na kwa Mwislamu hata mpangilio wa sala na saumu. Basi chagua ukitazama jioni za rafiki yako. Akitoka kazini saa kumi na moja mwezi Juni au mapema Agosti, mna saa kadhaa za jua mbele yenu, za kutosha kuogelea ziwani na kula nje. Julai ina kasoro yake, kwamba wenyeji wengi huwa wameondoka na mikahawa midogo kadhaa hufunga kwa likizo. Ijumaa ya mkesha wa Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi, inayoangukia kati ya Juni 19 na 25, mji huhama kwenda mashambani na maduka mengi hufunga. Panga kualikwa mahali, au nunua chakula mapema.

Je, majira ya baridi hayafai? Yanafaa, ila mgawanyo tuliousema unakuwa mkali zaidi. Mwanga wote wa Desemba unaangukia saa za kazi, kwa hiyo asiyetoka peke yake mchana huenda akarudi kwao hajauona mji. Jioni zitakuwa za ndani: mishumaa dirishani, supu, mazungumzo marefu, na Desemba 13 nyimbo za sikukuu ya Mtakatifu Lucia makanisani na mashuleni. Kuhusu mavazi, usinunue koti zito kwenye soko la Kariakoo au Gikomba kwa kubahatisha. Muulize rafiki kama ana koti la kukuazima, kwa kuwa waliokaa huko miaka mingi huwa na la ziada. Fedha yako itumie kwenye viatu vyenye soli isiyoteleza, maana barafu ya njiani huangusha watu wengi kuliko baridi yenyewe.

Ukishuka kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda, uko kilomita 40 hivi kutoka katikati ya jiji, na hapa desturi ya kupokewa uwanjani itakushawishi umtoe rafiki kazini. Usimtoe. Treni ya haraka ya Arlanda Express hufika kituo kikuu kwa takriban dakika 20, lakini ni ghali. Basi la uwanja wa ndege huchukua dakika 45 hivi kwa bei ya chini. Treni ya abiria ya kawaida nayo inafika uwanjani, ila kituo hicho kina ada yake ya ziada. Asiye na haraka hupanda basi namba 583 hadi Märsta, kisha treni ya abiria kuingia mjini, yote kwa tiketi ya kawaida ya SL, shirika la usafiri wa umma. Kama kupokewa kuna uzito kwenu wote wawili, na akupokee kwenye kituo cha karibu na kwake jioni. Mkumbatio ni uleule.

Ndani ya mji, tiketi moja ya SL hudumu dakika 75 na hukubaliwa kwenye treni ya chini ya ardhi, mabasi, tramu na baadhi ya vivuko. Unaweza kugusisha kadi yako ya benki kwenye geti bila kununua chochote kabla, lakini kama unakaa juma zima, tiketi ya siku 7 itakuokolea fedha. Fedha taslimu isahau: mabasi hayaipokei, na mikahawa mingi vilevile. Mtumiaji wa M-Pesa atadhani kulipa kwa simu hakumpi shida, ila Swish, huduma ya simu ya Waswidi, inahitaji akaunti ya benki ya huko, hivyo mgeni hawezi kuitumia. Njoo na kadi ya Visa au Mastercard, na uiarifu benki yako mapema kwamba unasafiri nayo. Na ukipewa na jamaa noti za krona alizozihifadhi tangu zamani, ujue kwamba Uswidi ilibadilisha noti zake kati ya 2015 na 2017, na zile za awali hazipokelewi madukani.

Kuna hofu ya kupotea na ya lugha. Hofu hiyo ni ya haki, lakini ushahidi hauiungi mkono. Waswidi wengi huzungumza Kiingereza vizuri, vituo vyote vina ramani, na ratiba huandikwa kwa saa 24: 17.00 ni saa kumi na moja yetu ya jioni. Tena njia ya treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa 1950, yenyewe ni kivutio. Ina vituo 100, na zaidi ya 90 kati yake vimepambwa na wasanii. Kwenye njia ya buluu ya T-Centralen, mwamba umepakwa rangi nyeupe na majani ya buluu. Solna centrum ina anga jekundu juu ya msitu wa kijani. Kungsträdgården ina masanamu kana kwamba umeingia kwenye magofu. Mtu aliyeshuka kituo kisicho chake amepata picha ya kutazama, na tiketi yake bado ina muda.

Sasa tuupime mgawanyo wetu kwa mambo yenyewe ya kuona. Mji umejengwa juu ya visiwa 14, pale ziwa Mälaren linapokutana na Bahari ya Baltiki, na kisiwa cha kuanzia ni Gamla stan, mji mkongwe. Njia zake nyembamba zitamkumbusha mtu wa Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar kwamba vichochoro hutembelewa kwa miguu, polepole. Katika uwanja wa Stortorget, ambapo mwaka 1520 mfalme wa Denmark aliwaua wakuu wengi wa Uswidi, limesimama jengo la Börshuset. Chini yake pana makumbusho ya Tuzo ya Nobel. Juu yake ni makao ya Akademi ya Uswidi, na hapo Oktoba 7, 2021 lilitangazwa jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Nobel ya Fasihi. Kuyajua hayo hakukuhitaji mtu wa kukushika mkono.

Mfano wa nguvu zaidi ni meli ya Vasa, kwenye kisiwa cha Djurgården. Agosti 10, 1628 meli hii ya kivita, fahari ya mfalme Gustav II Adolf, iling'oa nanga kwa mara ya kwanza. Ilikwenda mita 1,300 hivi, upepo ukailaza ubavu, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama mbele ya watu waliokuja kuishangilia. Ilikuwa na mizinga 64, mingi yake kwenye sitaha mbili, umbo lake jembamba, na uzito wa juu uliishinda farumi ya chini. Iliopolewa Aprili 24, 1961, karibu nzima. Sababu ya kudumu kwake itamgusa kila mtu wa pwani: Baltiki ina chumvi kidogo mno kwa mnyoo anayetoboa mbao, yule ambaye mafundi wetu wa majahazi wamepambana naye kwa karne nyingi kwa kupaka deheni. Makumbusho yanaeleza haya yote kwa mifano na maandishi, hatua kwa hatua. Rafiki aliyechoka, anayeitazama saa yake huku wewe unasoma, hakuongezei kitu hapo, na wewe unaharakisha kwa sababu yake.

Upinzani mkubwa unaobaki ni gharama: Skandinavia ni ghali, na mgeni anayezunguka peke yake atafilisika. Ghali ni kweli, lakini hasa kwa anayekula jioni hotelini na kulipia kila mlango. Mchana wa siku za kazi ndio wakati nafuu wa jiji hili. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana mikahawa mingi hutoa dagens lunch, mlo wa siku kwa bei moja, mara nyingi pamoja na saladi, mkate na kahawa. Usiku sahani ileile ya nyama itakugharimu zaidi sana. Maji ya bomba ni safi, beba chupa yako. Kivuko namba 82 kutoka Slussen hadi Djurgården hukubali tiketi ya SL, na kutoka humo unaiona bandari yote bila kulipia mashua ya watalii. Makumbusho ya jiji, Stadsmuseet, hapo Slussen, hayana kiingilio. Kutoka njia ya Monteliusvägen kwenye kisiwa cha Södermalm unaona ukumbi wa jiji, Stadshuset, uliozinduliwa 1923, ambamo karamu ya Nobel hufanyika kila Desemba 10. Na juu ya yote iko allemansrätten, haki ya kila mtu kutembea msituni na ufukweni hata kwenye ardhi ya mtu binafsi, na kuchuma matunda ya mwitu na uyoga, mradi usikaribie nyumba ya mtu, usikanyage mazao wala usiache taka. Haki hiyo ni yako pia, hata kama umekuja kwa siku kumi.

Mchana umekwisha, sasa zije jioni. Anayesema, "Nimekuja kumwona yeye, sikuja kuona majengo," amesema kweli, na ndiyo sababu ya kutozitumia saa zake kwenye foleni. Mwachie rafiki yale ambayo ishara za barabarani hazielezi. Atembee nawe mtaani kwake. Kuna uwezekano mkubwa haishi Gamla stan bali pembezoni, kwenye maghorofa ya mpango wa serikali uliojenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Maeneo kama Rinkeby na Tensta, kwenye njia ya buluu, ni ya mpango huo, na mtalii wa kawaida hafiki huko. Rinkeby utakuta wali na chai ya Kisomali, na lugha kadhaa kwenye benchi moja. Ni rafiki tu awezaye kukueleza ilivyokuwa majira yake ya kwanza ya giza, nani alimsaidia kupata chumba, kwa nini anapenda au hapendi kazi yake. Aende nawe kwenye kanisa lake, au kwenye msikiti mkuu ulio karibu na uwanja wa Medborgarplatsen, uliofunguliwa 2000 ndani ya kituo cha zamani cha umeme. Keti naye kwa kahawa na kanelbulle, andazi la mdalasini, bila ratiba.

Jioni hizo zinahitaji nyumba yenye amani, na nyumba ya Stockholm ina kanuni zake. Viatu huvuliwa mlangoni, jambo lisilokuwa geni kwa mtu wa pwani. Katika maghorofa mengi mashine za kufulia ziko kwenye chumba kimoja cha pamoja, tvättstuga, na kila kaya huweka nafasi ya saa maalumu. Ukifua saa ya jirani, atakayelaumiwa ni mwenyeji wako, na atabaki akiishi na jirani huyo. Taka hutenganishwa. Makopo na chupa za vinywaji zina amana inayorudishwa na mashine ya dukani, kwa hiyo usizitupe. Pombe kali na mvinyo wa kupeleka nyumbani kwa kawaida hununuliwa kwenye duka la serikali, Systembolaget, linalofungwa mapema Jumamosi na lisilofunguliwa Jumapili. Majirani hawapigi hodi bila miadi. Ukitaka kumsalimia mtu mwingine mjini, mwandikie kwanza na ufike kwa wakati. Mkila nje, usione vibaya kila mtu akilipa chake, ila wewe nunua vyakula vya nyumbani bila kuombwa, na usiku mmoja au miwili pika pilau kabla hajarudi. Hilo nalo ni jembe.

Nyumba nyingi za huko ni ndogo, na hata urafiki mkubwa huchoshwa na kitanda sebuleni. Kama unakaa zaidi ya juma, ondoka usiku mmoja au miwili katikati ya wiki. Uppsala iko takriban dakika 40 kwa treni, ina chuo kikuu cha mwaka 1477 na bustani ya Carl Linnaeus, mwanasayansi aliyeweka msingi wa mfumo wa kuipa mimea majina ya Kilatini ya maneno mawili. Meli za usiku huenda Ufini, nayo pia imo ndani ya Schengen, hivyo viza yako haiathiriki. Rafiki atapata sebule yake kwa usiku huo, nawe utarudi una jambo la kusimulia.

Inawezekana rafiki mwenyewe akakataa mpango huu na kung'ang'ania kukuongoza. Usibishane naye, mpe uchaguzi badala ya orodha. Wakazi wa miji mikubwa aghalabu hawajaingia mahali ambapo wageni hupanga foleni, na huenda hata yeye hajawahi kuiona Vasa. Achague kitu kimoja anachokitaka yeye kwa Jumamosi, mkifanye bila haraka, na Jumapili iwe tupu.

Kabla ya kulipia tiketi ya ndege, basi, mtumie maswali matatu. Wiki zipi huna zamu nzito wala safari yako mwenyewe? Nitalala wapi, na ni siku ngapi mahali hapo panatutosha sote bila kukubana? Ni kitu gani hapo mjini umetaka kukifanya siku nyingi, ukakosa mtu wa kwenda naye? La kwanza litakupa tarehe, la pili urefu wa ziara, la tatu Jumamosi yenu. Siku zilizobaki jipangie mwenyewe.